Tumbo la Usiku wa Kuamkia Mbio

Kijana wako atakimbia marathoni hapa Eldoret kesho, kilomita 42. Usiku halali. Alfajiri tumbo linamsokota, anakwenda choo mara tatu, moyo unamdunda. Mama, hajarogwa. Ni wasiwasi, na wakimbiaji wengi huupata. Usikimbilie kumpa dawa ya kufunga choo. Mpe alichozoea: ugali jioni, chai na mkate asubuhi, mapema kabla ya mbio. Chakula kigeni kisubiri.

Lakini akiwa na homa, maumivu ya kifua, au akizimia, huo si wasiwasi tena. Asikimbie, mpeleke kituo cha afya.

Kuna na maneno yetu. Mbio hazijaanza, nasi tumeshagawa zawadi: karo, mabati, ng'ombe. Yote hayo analala nayo kichwani. Edna Kiplagat, mama mwenye watoto, alianguka penye meza ya maji huko Daegu mwaka 2011, akainuka, akawa bingwa wa dunia. Nani angeyapanga hayo? Jioni hii mwulize tu kama viatu vimekauka na namba ameibandika.