Vitufe vya MIDI katika Kuwasha na Kuzima Vifaa vya Programu za Muziki: Mada kwa Wanamuziki wa Kitui na Makueni

Kitufe cha kidhibiti cha MIDI hakitoi sauti yoyote. Kinapobonyezwa hutuma ujumbe mfupi wa baiti tatu. Baiti ya kwanza hutaja aina ya ujumbe na chaneli yake kati ya chaneli 16, ya pili hutaja namba ya noti au ya kidhibiti, na ya tatu hubeba thamani kuanzia 0 hadi 127. Ni programu iliyomo kwenye kompyuta inayoamua ujumbe huo utafanya nini: kupandisha sauti, kuanzisha kurekodi au, kama inavyoelezwa hapa, kuwasha na kuzima kifaa cha ndani ya programu, kwa mfano kile cha mwangwi.

Kanuni hizo za MIDI zilianza kutumika mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani kuwashawishi watengenezaji wa vinanda vya umeme wakubaliane juu ya lugha moja. Waya wa asili wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo ujumbe wa baiti tatu humaliza safari kwa muda usiofika milisekunde moja. Mwanamuziki anayelalamika kwamba sauti inachelewa akague kwanza mipangilio ya sauti ya kompyuta yake. Kitufe mara nyingi hulaumiwa bure.

Haja ya vitufe hivi Ukambani inatokana na jinsi muziki wenyewe ulivyobadilika. Katika miaka ya 1970 na 1980 benga ya Kikamba ilipigwa na bendi kamili, kama ile ya Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo. Magitaa, besi na ngoma vilikuwa na wenyewe, na kila mmoja alirekebisha sauti ya chombo chake. Siku hizi, kwenye harusi ya Mwingi au klabu iliyo kando ya barabara ya Mombasa pale Emali au Kibwezi, mtu mmoja au wawili wanaweza kufika na gitaa, kibodi na kipakatalishi wakafanya kazi yote hiyo. Katika nyimbo nyingi za benga huja wakati ambapo maneno hukoma, magitaa yakachukua uwanja na watu wakainuka kucheza. Hapo sauti ya mwimbaji haihitaji tena mwangwi, ilhali gitaa linahitaji makali zaidi. Anayetafuta kipanya wakati huo atakuwa amepoteza pigo, na wachezaji watajua.

Kitufe huweza kupangwa kwa hali mbili. Katika hali ya kushikilia, hutuma 127 kinapobonyezwa na 0 kinapoachwa, kama kengele ya mlangoni. Katika hali ya kugeuza, bonyezo la kwanza hutuma 127 na la pili hutuma 0. Programu nayo ina tabia zake. Ableton Live, ambayo ni mfano mzuri kwa kuwa kanuni zake ziko wazi, huzitofautisha noti na ujumbe wa udhibiti. Noti ikiunganishwa na swichi ya kifaa, kila noti inayoanza huigeuza swichi hiyo. Ujumbe wa udhibiti hutazamwa kwa thamani yake: thamani iliyo ndani ya mipaka iliyowekwa huwasha, na iliyo nje huzima.

Matatizo mengi huzaliwa hapa. Kitufe cha kushikilia kikitumia ujumbe wa udhibiti, mwangwi hudumu kwa muda ambao kidole kimekaa juu yake tu. Kitufe cha kugeuza kikiunganishwa na programu ambayo nayo hugeuza, kila upande huhesabu kivyake, na mpigaji hulazimika kubonyeza mara mbili ili apate badiliko moja. Njia inayoaminika zaidi ni kukipanga kitufe katika hali ya kugeuza, kitume ujumbe wa udhibiti, na kuiacha programu ifuate thamani: 127 iwe kuwasha daima na 0 iwe kuzima daima. Ujumbe wa kugeuza pekee hausemi kifaa kiko katika hali gani, hukibadilisha tu. Jukwaani usiku, huo ni udhaifu mkubwa.

Katika Live kazi yenyewe ni fupi. Kidhibiti huruhusiwa kwanza kwenye mipangilio ya MIDI, kisha hali ya kuunganisha hufunguliwa kwa Ctrl na M, swichi ya kifaa hubofywa, kitufe hubonyezwa, na hali hiyo hufungwa. FL Studio na REAPER nazo zina njia zao za kuifundisha swichi kukisikiliza kidhibiti. Plagini nyingi zina swichi ya kuipitisha sauti kando ya kifaa badala ya swichi ya kuwasha. Kwa hizo 127 humaanisha kifaa kimeachwa kando, kwa hiyo taa ya kitufe huwaka wakati mwangwi haupo. Dawa yake ni kugeuza mipaka ya juu na ya chini. Ujanja huohuo huwezesha kitufe kimoja kufanya kazi mbili: kuzima mwangwi wa mwimbaji na kuwasha kifaa cha gitaa kwa bonyezo lilelile.

Namba za udhibiti zichaguliwe kwa uangalifu. Namba 1, 7 na 64 tayari zina kazi za kawaida, yaani kutikisa sauti, kiwango cha sauti na pedali ya kudumisha noti. Kuanzia 120 hadi 127 zimetengwa kwa amri za chaneli nzima, kama kunyamazisha noti zote. Nafasi zilizo huru ni pamoja na 20 hadi 31 na 102 hadi 119. Padi zinazotumika kupigia midundo ya kilumi (ngoma ya jadi ya Wakamba) iliyorekodiwa zisipewe pia kazi ya swichi, kwa sababu noti iliyounganishwa na swichi katika Live haifiki tena kwenye ala, na ngoma hukaa kimya.

Kuzima kifaa kizima kuna athari zake kwenye sauti. Mkia wa mwangwi hukatwa ghafla, jambo ambalo kanisani husikika vibaya kwaya inapomaliza na mhubiri kuanza kusema. Pale ni afadhali kitufe kizime sauti inayopelekwa kwenye mwangwi, ili mkia umalizike wenyewe. Kwa upande mwingine, kifaa kilichozimwa ndani ya Live hakiitumikishi kompyuta tena. Kwa kipakatalishi cha mtumba katika joto la Kibwezi, kuzima visivyohitajika kunaweza kuzuia sauti kukatikakatika.

Taa za vitufe huonyesha ukweli pale tu programu inapoweza kurudisha habari kwenye kidhibiti. Katika Live ruhusa ya udhibiti lazima iwashwe upande wa kuingia na upande wa kutoka pia. Wengi husahau huo wa pili. Stima ikipotea na betri ya kipakatalishi ikiwa imechoka, kila kitu huanza upya: kidhibiti kinaweza kurudi na vitufe vyote vikiwa 0, huku mradi ukifunguka jinsi ulivyohifadhiwa. Kwa hiyo mradi wa jukwaani uhifadhiwe ukiwa na vifaa vyote vinavyodhibitiwa vimezimwa, ili pande hizo mbili zianze zikiwa sawa.

Mpiga gitaa, ambaye mikono yake haina nafasi, huhitaji kidhibiti cha miguu. Baadhi ya vidhibiti hivyo hutuma thamani moja tu kwa kila pedali. Hapo pedali mbili zipewe namba moja ya udhibiti, ya kwanza itume 127 na ya pili 0. Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe kama kidhibiti kinaweza kupangwa upya kutoka hali ya kushikilia hadi ya kugeuza. Kisichoweza kupangwa kitafaa kwa kupigia midundo, lakini kwa kazi hii kiachwe dukani.