Mwalimu Ajue Siku ya Kuondoa Mkono Wake

(Hotuba ya walimu wakimbizi katika Siku ya Walimu Duniani)



Tarehe 5 Oktoba huadhimishwa duniani tangu mwaka 1994, kwa kukumbuka mapendekezo juu ya hadhi ya walimu yaliyopitishwa Paris mwaka 1966. Desturi ya siku hii ni walimu kutaja shida zao. Shida zetu mnazijua. Leo tumeomba nafasi ya kusema juu ya kazi yenyewe: namna ya kuandaa somo ili mtoto aanze kwa kushikwa mkono na amalize kwa kutembea mwenyewe.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Wengi wetu tulisomea ualimu Kongo, kwa Kifaransa. Hapa Uganda madarasa ya juu ya shule ya msingi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwisho wa darasa la saba mtoto hufanya mtihani wa taifa kwa lugha hiyo hiyo. Tuliwaonea watoto huruma. Tuliandika kila kitu ubaoni, tukatafsiri kila neno, wao wakanakili na kuitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Madaftari yalijaa, nasi tukafurahi. Siku ya jaribio tulifuta ubao. Karatasi nyingi zilirudi nyeupe. Watoto hawakuwa wavivu. Sisi ndio tulikuwa tumewafanyia kazi yao muda wote.

Mwashi akijenga ukuta mrefu hufunga jukwaa la miti apate pa kusimama. Ukuta ukikauka huliondoa. Asipoliweka, hafiki juu. Asipoliondoa, hakuna atakayejua kama nyumba yasimama yenyewe. Mwaka 1976 wataalamu watatu, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, waliandika juu ya watoto 30 wa miaka mitatu hadi mitano waliofundishwa kujenga piramidi kwa vipande vya mbao. Mwalimu hakuwajengea. Alimwachia mtoto afanye awezalo, akaingia pale mtoto aliposhindwa. Msaada wa namna hiyo waliulinganisha na jukwaa la mwashi.

Basi sisi twapanga hivi. Kwanza, twaanza na mwisho. Kabla ya kuandika somo twajiuliza: Ijumaa mtoto huyu atafanya nini peke yake, bila sisi? Jibu liwe la kuonekana kwa macho. Kwa mfano: "Atasoma hesabu ya maneno na kuitatua." Pili, twapima anachojua tayari kwa maswali mawili matatu. Mtoto asiyejua kuzidisha hatasaidiwa na tafsiri ya maneno.

Tatu, twagawa somo katika hatua nne. Tuchukue hesabu hii: duka lina mifuko 6 ya maharage, kila mmoja kilo 25. Zimeuzwa kilo 90. Zimebaki ngapi?

Hatua ya kwanza, mwalimu atenda peke yake huku akisema mawazo yake kwa sauti: "Naulizwa nini? Zilizobaki. Kwanza nijue zilikuwa ngapi: 6 mara 25 ni 150. Sasa naondoa 90. Zimebaki 60." Hatua ya pili, twatatua nyingine pamoja, mwalimu akiuliza na darasa likijibu. Hatua ya tatu, watoto wawili wawili, na kila mmoja amweleze mwenzake njia aliyopita. Hatua ya nne, kila mtoto peke yake, kimya. Darasa likiwa na watoto mia na zaidi, hatua ya tatu ndiyo inayotuokoa, kwa maana mwalimu mmoja hawezi kuwafikia wote, lakini kila mtoto ana jirani.

Nne, twapanga mapema namna ya kuondoa msaada. Jumatatu maneno kumi ya Kiingereza yako ubaoni pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Jumatano maana zimefutwa, maneno yamebaki. Ijumaa ubao ni mtupu. Wengi wakikwama Jumatano, hatuwakemei. Twarudisha maana ya yale maneno mawili au matatu yaliyowashinda, si yote kumi.

Wazazi wetu, hapa twahitaji subira yenu. Mama mmoja alitujia akasema, "Mwalimu, mtoto wangu analalamika kwamba siku hizi akikuuliza humjibu." Tulimweleza: "Mama, twamjibu kwa swali, ili atafute." Hakuridhika siku ile. Baada ya wiki kadhaa alirudi, akasema mwanawe anamsomea karatasi za mgao nyumbani na kumhesabia kilo. Hatukuwa tumemfundisha karatasi za mgao.

Wageni wetu wa mashirika, ninyi pia mwajua jambo hili la msaada. Sisi wakimbizi twajua uchungu wa msaada unaokatwa ghafla, na twajua pia udhaifu unaomwingia mtu asiyeachiwa kufanya lolote. Darasani tumejifunza kuupunguza hatua kwa hatua, tukimtazama mtoto usoni. Kwa kazi hii hatuombi makubwa: penseli na karatasi zitoshe kila mtoto, maana hatua ya nne haifanyiki kwa kuazimana, na walimu wapewe saa moja kwa wiki ya kuandaa masomo pamoja.

Ndugu zetu, maisha ya kambini hayana uhakika. Mwalimu huyu kesho atahamishiwa nchi ya mbali, yule atarudi kwao, mwingine ataacha kazi kwa kukosa posho ya kutosha. Mtoto atabaki. Siku ya mtihani hataingia na mwalimu wake. Hata barabarani, siku ya kurudi nyumbani, huenda asiwe naye. Atakuwa na kile tu anachoweza mwenyewe.