Dawa Iliyokaushwa kwa Baridi

Somo la leo ni juu ya kukausha kitu kwa baridi.

Ninyi mnajua kukausha dagaa. Maji yakiwatoka, hawaozi. Lakini chanjo haianikwi juani, kwa maana joto huivunja nguvu. Basi wataalamu hufanya hivi: kwanza huigandisha mpaka iwe barafu. Kisha huitia katika chombo kilichofungwa, na pampu huvuta hewa iliyomo. Hapo barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Kinachobaki ni unga mkavu, nao hufungwa katika kichupa.

Faida yake ni nini? Zamani chanjo ya ndui ilikuwa ya majimaji, nayo iliharibika upesi katika nchi za joto. Katika miaka ya 1950, Leslie Collier wa London alipata njia nzuri ya kuikausha. Chanjo kavu ilivumilia joto, ikafika hata vijiji visivyo na barafu. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imekwisha.

Chanjo ya surua pia ni unga. Mwuguzi huuchanganya na maji yake maalumu, na baada ya saa 6 iliyobaki hutupwa. Kwa hiyo, akina mama na akina baba, siku ya kliniki mpelekeni mtoto mapema.