Kikundi Kisichofichana Ugonjwa wa Migomba

Ndugu wakulima wa Karagwe na Kyerwa, leo tuzungumze juu ya mnyauko wa migomba na juu ya kuaminiana katika kikundi, maana mambo haya mawili hayaachani.

Mnyauko uligunduliwa Uganda mwaka 2001. Mwaka 2006 ukaonekana mkoani kwetu Kagera, wilayani Muleba. Dalili zake mnazijua: majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na mgomba ukikatwa hutoa uchafu wa njano kama usaha. Wadudu huupeleka ugonjwa kutoka ua hadi ua, na panga chafu hulipeleka balaa shina hadi shina. Basi shamba lako likiwa safi na la jirani linaumwa, bado hujapona.

Ndiyo sababu tunawahimiza mkague mashamba kwa kikundi. Lakini kikundi chaweza kuwa na watu kumi wenye nguvu, kikashindwa. Kwa nini? Mmoja ameona mgomba unanyauka, akanyamaza. Anaogopa kusemwa kilabuni. Anaogopa wenzake watamfyekea shamba lote, watoto wakose chakula. Anaukata kwa siri, panga halisafishi, kesho analipeleka kwa jirani. Ugonjwa unatembea, na lawama nazo zinatembea.

Sasa fanyeni hivi:

1. Ukaguzi uanzie shambani kwa mwenyekiti, ili asiwepo wa kuona ameonewa.

2. Anayetaja ugonjwa kwanza ashukuriwe, na siku ile ile wote wamsaidie kazi.

3. Zamani tulishauri kung'oa shina zima. Siku hizi ugonjwa ukiwahiwa, katwa mgomba unaoumwa peke yake, usawa wa ardhi. Rudini kukagua kila wiki. Mkulima akijua hivi hataficha.

4. Panga liunguzwe motoni mbele ya wote kabla ya kuhamia shina jingine, hata likiwa la mzee anayeheshimiwa. Kuaminiana si kuacha kuangaliana.

5. Tana la mwisho likishatoka, ondoeni ua dume kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye migomba, mficha maradhi huumbua kijiji kizima. Jioni ya leo mwulize jirani yako habari za shamba lake, na wewe umwambie kweli ya lako.