Usikubali Rabsha Ambayo Hukuizua



Ndugu zangu na dada zangu, leo nataka tuongee kuhusu kesi moja tu. Kila mtaa unaijua. Vijana wamekaa maskani baada ya Isha, pengine kumetokea mzozo, pengine hakuna chochote. Gari la polisi linasimama, mnapakiwa. Mkiuliza kosa mnaambiwa: kuzua rabsha.

Tuanze na sheria yenyewe. Ni kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo imekuwepo tangu 1930, enzi za mkoloni. Kinamhusu mtu anayepigana au kuzua vurugu kwa namna inayoweza kuvunja amani. Pia kinamhusu anayemtusi mwajiri wake au mtu mwenye mamlaka juu yake kwa namna hiyo hiyo. Ukisoma hapo unajua sheria hii ilitungwa kumlinda nani. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi 6.

Sasa sikilizeni vizuri. Kukaa barazani si kupigana. Kuvaa kanzu au kufuga ndevu si vurugu. Ni lazima kuwe na kitendo ulichofanya, na upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kukithibitisha. Si kazi yako wewe kuthibitisha kwamba ulikuwa umetulia.

Lakini pia tusidanganyane. Ukirusha mawe, ukivunja duka la mtu, ukipiga kelele za fujo usiku wa manane majirani wasilale, hapo umewadhulumu watu na sheria ina haki ya kukuuliza. Sijasimama hapa kutetea fujo. Natetea yule ambaye hakufanya.

Tuseme umeshikwa. La kwanza, usisukumane na askari. Kumshambulia polisi ni kosa lingine kabisa, na kifungo chake kinafika miaka 5. Kosa dogo litakuwa kubwa hapo hapo barabarani. Uliza kwa upole: nimeshikwa kwa kosa gani? Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema uelezwe upesi, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, na una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unauhitaji. Kama una chini ya miaka 18, sema. Mtoto hafai kuwekwa seli moja na watu wazima.

La pili, mchezo wa Ijumaa. Katiba inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini kama saa hizo zinaisha wakati korti imefungwa, inangojewa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana ukishikwa Ijumaa usiku unaambiwa, "Tutaonana Jumatatu." Hapo wengi wetu tunanyamaza, na mama anaanza kutafuta pesa. Kumbe kifungu cha 36 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinasema kama haiwezekani kukufikisha kortini ndani ya saa 24, na kosa si zito, mkuu wa kituo anatakiwa akuachilie kwa dhamana ya kiasi cha kadiri. Sheria haijasema akipenda. Dhamana ya polisi haina ada. Ukiweka pesa taslimu, dai risiti, kwa sababu hizo pesa ni zako na zinarudishwa kesi ikiisha ukiwa umehudhuria.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawajaambiwa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kuzua rabsha kunaingia hapo. Mkumbushe hakimu kwa adabu.

La tatu, na hili ndilo lililonileta. Asubuhi ya korti, mtu atakunong'oneza: "Kubali tu, utapigwa faini ndogo uende nyumbani." Umechoka, hujaoga, una njaa. Unasema, "Ni kweli." Faini inalipwa, unarudi mtaani, unadhani yameisha.

Hayajaisha. Ile ni hukumu ya jinai, na alama zako za vidole zina rekodi. Mwakani umepata kazi ya ulinzi, au umepata nafasi Doha au Dubai. Wanataka cheti cha tabia njema kutoka DCI. Hapo ndipo ile "ni kweli" ya dakika moja inakungojea.

Kama hukufanya, sema, "Si kweli." Kama hujaelewa, sema hujaelewa, uombe mkalimani. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, utaratibu unajulikana: shtaka lisomwe kwa lugha unayoielewa, kisha ukikubali, maelezo ya kilichotokea yasomwe pia. Ukiyapinga maelezo hayo, hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana. Na hata kama ulishakubali, unaweza kubadilisha jibu kabla adhabu haijatolewa.

Ndio, kukana kuna gharama. Utarudi kortini mara kadhaa, utapoteza siku za kazi. Kwa hivyo jamaa wasikuache peke yako. Kila maskani iwe na namba ya wakili mmoja, na mtu mmoja wa kwenda kituoni kuuliza namba ya OB usiku huo huo. Wazee wa msikiti wakisimama dhamana, kijana halazimiki kununua uhuru wake kwa kukiri uongo.

Mfundishe mwenzako mmoja kabla ya Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.