Mchungaji wa Bonde la Mawe na Huduma Zilizobaki Nyuma Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Waheshimiwa Madiwani, Watendaji wa Kata na Vijiji na viongozi wa dini)



Nimeombwa niseme machache juu ya huduma zinazodumu. Nitayasema kwa kueleza maisha na kifo cha mtu mmoja, Jean-Frédéric Oberlin, mchungaji wa Kilutheri aliyevitumikia vijiji vya milimani mashariki mwa Ufaransa kwa miaka 59, tangu 1767 hadi alipofariki tarehe 1 Juni 1826. Nimemchagua mtu wa mbali kwa sababu kifo chake kinatuuliza swali la karibu: mtumishi mwema akiondoka, huduma yake inabaki mikononi mwa nani?

Eneo lake liliitwa Ban de la Roche, na kwa Kijerumani Steinthal, yaani Bonde la Mawe. Jina hilo latosha kueleza hali yake. Ardhi ilikuwa haba, majira ya baridi marefu, na njia mbovu kiasi kwamba mazao hayakufika sokoni kwa wepesi. Mtangulizi wake, Jean-Georges Stuber, alikwisha kuanza kazi ya shule na maktaba. Oberlin hakuivunja kazi ya mwenzake ili aanze ya kwake. Aliipokea, akaiongeza.

Alipowaambia waumini wake kwamba watajenga wenyewe barabara ya kuwaunganisha na njia kuu iendayo Strasbourg, pamoja na daraja juu ya mto Bruche, walidhani anafanya mzaha. Hakubishana nao. Alitwaa sururu, akatangulia kuchimba, nao wakamfuata. Daraja likaitwa Daraja la Hisani. Kwa kuwa bonde lilikosa mafundi, aliwapeleka vijana Strasbourg wakajifunze uashi, useremala na uhunzi, kisha warudi kufanya kazi nyumbani. Alitafuta mbegu bora za viazi, akahimiza upandaji wa miti ya matunda. Alianzisha pia mfuko wa mikopo ili mkulima aweze kupata zana, na mkopaji asiyerejesha kwa wakati alizuiwa kukopa tena kwa muda. Huruma yake ilikuwa na utaratibu.

Naomba nikae kidogo kwenye habari ya watoto. Katika kijiji cha Belmont alikuwapo msichana aitwaye Sara Banzet, aliyewakusanya watoto na kuwafundisha kufuma. Mwingine angepita akaona mchezo tu. Oberlin aliona huduma: watoto wadogo walikuwa wakibaki bila mwangalizi wazazi wakiwa kazini. Akamwajiri Sara, na kazi hiyo ikaenea katika vijiji vingine, ikawa miongoni mwa shule za awali za mwanzo kabisa barani Ulaya. Sara alifariki mwaka 1774 akiwa bado kijana. Kazi haikufa pamoja naye, kwa kuwa wasichana wengine walikwisha kufundishwa kuifanya.

Miongoni mwa waliokuja kuiendeleza baadaye alikuwa Louise Scheppler wa kijiji cha Bellefosse, aliyeingia nyumbani kwa mchungaji kama mtumishi wa ndani. Mke wa Oberlin alipofariki mwaka 1783, Louise aliwalea watoto wa nyumba ile huku akiendelea na watoto wa bonde. Baadaye aliomba asilipwe tena mshahara, bali ahesabiwe kuwa mtoto wa nyumba. Sisi viongozi tusilichukue jambo hilo kuwa ruhusa ya kuwaacha wahudumu wetu wa kujitolea bila posho. Tuone tu jinsi kazi ilivyokuwa imekwisha kuwa yake mwenyewe.

Oberlin alifariki akiwa na umri wa miaka 85. Alichukuliwa kutoka Waldersbach, alikoishi, akazikwa Fouday. Walioandika habari za maziko yale wanasimulia kwamba watu wa mbele waliwasili Fouday ilhali wa nyuma bado hawajatoka Waldersbach, na kwamba Wakatoliki nao walifika kumwombolezea mchungaji ambaye hakuwa wa kanisa lao. Serikali ilikwisha kumpa nishani mwaka 1819, lakini jina alilopewa na wanabonde lilikuwa fupi zaidi: Baba Oberlin.

Baada ya matanga, shule ziliendelea. Mwaka 1829 Louise alipewa na Akademia ya Ufaransa tuzo ya faranga 5,000, naye akaitumia fedha hiyo kwa ajili ya shule zile zile za watoto.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wilaya yetu haikosi watu wa namna hiyo. Wapo wauguzi, walimu, wenyeviti wa kamati za maji, mashehe, mapadre na wachungaji ambao kijiji kizima huwategemea. Tunawapenda, na kwa kuwapenda tunawaachia kila kitu. Ufunguo wa pampu uko kwa mtu mmoja, na daftari la mfuko liko nyumbani kwa mtu mmoja. Siku anapohamishwa, au Mungu anapomwita, mama aliyezoea kuteka maji karibu na mlango wake hurudi kuyafuata mtoni. Tunakuwa tumezika viwili kwa siku moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila kamati ya huduma iwe na mtu wa pili anayeijua kazi kwa vitendo, na hasa vijana na wanawake wafundishwe. Pili, mapato na matumizi ya kila mfuko yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji wa kila robo mwaka. Tatu, mtumishi anapoondoka, makabidhiano yafanyike kwa maandishi, mbele ya wananchi.

Wazee wetu hao wangali hai. Heshima tunayoweza kuwapa leo ni kukaa karibu nao na kujifunza, ili siku ya kuwalilia tuwalilie wao tu, tusililie na maji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.