Kikombe cha Asubuhi

Tangu mwaka 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, aliyetekwa na heroini amepata njia ya kutibiwa pasipo kufungiwa: kila asubuhi hupanga foleni, hupewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, huinywa mbele ya mhudumu, kisha hushika njia kutafuta riziki yake. Dawa hiyo huzuia arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, lakini huzuni na hofu zilizomkaa moyoni zataka mtu wa kumsikiliza kwa staha. Tena wapo wanaokatiza tiba, si kwa ukaidi, bali kwa kukosa nauli ya daladala. Basi wewe jamaa yake, mpe nauli, na umwulize amelalaje.